Na ya Kutolea

Niliingia kwenye utafiti kama mnukuzi. Watafiti walikwenda uwandani wakarudi na sauti, nami nikakaa na spika za masikioni nikizigeuza kuwa maandishi. Mazungumzo ya saa moja yalinila nusu siku na zaidi. Yakiwa ya kundi la akina mama wanaopokezana maneno sokoni, siku nzima ilikwisha. Tulilipwa kwa saa ya sauti, si kwa saa ya kazi, kwa hiyo wengi walijifunza kukimbia: kikohozi kiache, kicheko kiache, sentensi ya Kisukuma iliyopenya katikati ya Kiswahili iwekee vidoti usonge mbele. Mimi nilishindwa kukimbia. Nilisikia mtu anaulizwa kama huduma imemsaidia, ananyamaza, anacheka kidogo, ndipo anasema imesaidia. Ukiandika jibu peke yake, anayelisoma ofisini atalipokea kama sifa. Niliandika kimya, nikaandika na kicheko. Mkuu wangu wa kazi, mwanamke aliyesomea sosholojia chuo kikuu pale Mlimani, aliziona kurasa zangu akaniita nikae naye mezani wakati wa uchambuzi. Nimekaa hapo hadi leo.

Alinifundisha kwa karatasi kabla ya programu yoyote ya kompyuta. Tulichapa mahojiano yote tukaacha pambizo pana, tukayasoma mara ya kwanza bila kalamu mkononi. Mara ya pili ndipo kila kipande kilipewa msimbo, yaani jina fupi la kile kinachotokea pale. Kisha vipande vikahamia kwenye vikaratasi vya kunata, na vikaratasi vikajaa ukutani. Njia hiyo ya ukutani imetoka kwa Kawakita Jiro, mwanaanthropolojia wa Japani aliyefanya utafiti Nepal na kurudi na shehena ya maandishi isiyoingia kwenye mpango wowote aliokuwa nao. Alikiandika kila kitu kwenye kadi yake, akaziweka pamoja kadi zinazoelekeana, na vichwa vya mafungu vikaja mwishoni. Watu wengi hufuata hatua zake kinyumenyume: huanza na vichwa walivyopewa na bosi, kisha hutafuta kadi za kuvijaza.

Kwa Barney Glaser na Anselm Strauss, ambao kitabu chao cha mwaka 1967 kilizaliwa na utafiti wa wagonjwa wanaokaribia kufa katika hospitali za California, nilichukua jambo moja nililolishika kuliko mengine yote: linganisha kila kipande na mwenzake unapoendelea, tena uchambue huku bado unakusanya. Mahojiano ya jana yabadilishe maswali ya kesho. Ukisubiri mpaka yote yakamilike, watu uliotakiwa kuwauliza jambo la pili wameshatawanyika.

Kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya kigeni havilipi uzito wake. Mhojiwa anakupokea kama mgeni. Umekaribishwa ndani, umewekewa kiti, pengine umeletewa soda. Ni nani atamwambia mgeni usoni kwamba kitu alichokuja nacho ni kibovu? Atasema ni kizuri, tunashukuru, mzidi kutuboreshea. Maneno hayo ni adabu, na nayaheshimu, ila siyapi msimbo wa kuridhika. Ninatafuta pale mhojiwa anaposimulia mara ya mwisho alipotumia kitu hicho: alikuwa wapi, nani alikuwa pembeni yake, nini kilikwama, alimwomba nani amsaidie. Humo ndimo lawama zinamotoka zenyewe, bila yeye kuhisi kwamba amemvunjia mtu heshima.

Na huyo mgeni ana umri wake. Nilipokuwa binti, wazee walinijibu kwa kunifunza maisha, na majibu yakawa marefu, yenye visa vya kijijini na vya mikopo iliyowashinda majirani. Sasa naitwa mama, na vijana wa kiume hawanitajii kubeti hata kama simu iliyo mkononi mwao imejaa jumbe za kampuni za kubeti. Wakihojiwa na kijana mwenzao wanaeleza kila kitu, mpaka timu walizozibeba. Kwa sababu hiyo kila nakala katika timu yetu ina maelezo ya aliyeuliza: umri wake, jinsia yake, alivyovaa, alimwitaje mhojiwa. Wakati wa kuchambua, mistari hiyo inasomwa kwanza.

Mradi uliokaa nami zaidi ulihusu kutuma pesa kwa simu. Kampuni moja ilitaka kujua kwa nini wateja wake wa Kanda ya Ziwa walitumia huduma kwa kusuasua, na wakubwa wake walikuwa wameshajipa jibu: makato. Kweli, nakala zilijaa makato. Fungu hilo lilimeza nusu ya ukuta, na kila aliyepita alisema kazi imekwisha. Mimi fungu likinenepa namna ile huanza kulitilia shaka. Tulilibandua lote, tukarudisha kila kipande kwenye ukurasa wake, tukasoma swali lililotangulia na maneno yaliyofuata.

Kulikuwa na mambo matatu yaliyokuwa yamevikwa shati moja. Wafanyabiashara walizungumzia hesabu: ukitoa mara nyingi kidogo kidogo, faida ya siku inakatika. Wengine walizungumzia kushtukizwa. Hawakujua wamekatwa kiasi gani mpaka ujumbe ulipoingia, wakahisi wameibiwa hata pale kiasi kilipokuwa halali. La tatu lilikuwa la wazazi, na nisingelikuta kama tungeacha vipande vining'inie ukutani bila wenyewe. Kwetu mtu muungwana hutuma pesa na ya kutolea. Akiombwa elfu ishirini, huongeza kiasi cha kumwezesha mpokeaji kushika elfu ishirini kamili mkononi kwa wakala. Mama mmoja muuza dagaa alieleza kwamba mwanawe akituma bila ya kutolea, yeye hapigi simu kuuliza. Anajua mambo ya mwanawe hayajakaa sawa, naye hataki kumwaibisha. Hukaa na ile pesa kwenye simu siku kadhaa, asiitoe, akisubiri.

Kwenye ripoti za mfumo huyo alionekana mteja aliyezubaa. Kwenye fungu letu la kwanza alikuwa mteja anayelalamikia bei. Kumbe alikuwa mama anayemlinda mwanawe, na lile salio lililolala lilikuwa na habari nzima ya nyumba mbili ndani yake. Tulipendekeza mtumaji aonyeshwe gharama ya kutoa kabla hajathibitisha, aweze kuiongeza palepale kama anataka. Hakuna ambaye angefika kwenye pendekezo hilo kwa neno makato pekee.

Vijana wanaojiunga nasi huwa nawaeleza habari za M-Pesa, kwa sababu ni jambo la karibu na watu wanadhani wanalijua. Majaribio yalianza Kenya mwaka 2005, na lengo lilikuwa watu walipe marejesho ya mikopo midogo kwa simu. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, waliosimamia kazi hiyo, waliona washiriki wakifanya mengine ambayo hayakuwa kwenye mpango: wanatumiana pesa wao kwa wao, wanailaza pesa kwenye simu kabla ya safari. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, iliuzwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Laiti wachambuzi wale wangekuwa na fungu moja tu la "marejesho" na jingine la "mengineyo", sijui tungekuwa tunalipaje ada za shule leo. Fungu la mengineyo ndilo ninaloanza nalo kila asubuhi.

Mikutano ya kuwasilisha matokeo bado ni migumu. Swali la kwanza ni asilimia ngapi wamesema hivyo. Huwa sitoi asilimia, kwa sababu wahojiwa wetu hawakuchaguliwa kwa ajili ya kuhesabiwa, na namba hiyo ikishatoka chumbani itatembea yenyewe kama ukweli wa nchi nzima. Swali la pili ni kwa nini tusiishie kwa watu kumi na wawili, na hapo utatajiwa utafiti wa Guest, Bunce na Johnson wa mwaka 2006, waliochambua mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria wakaona misimbo mingi ilishajitokeza kufikia mahojiano ya 12. Ni kazi nzuri, naithamini. Lakini wanawake wale walikuwa wa kundi linalofanana na waliulizwa maswali yaleyale. Muuza dagaa, mwalimu aliyestaafu na dereva wa bodaboda si kundi moja.

Zamani nilikuwa nawachezea wakubwa sauti yenyewe, na chumba kilibadilika. Siku hizi nasoma kwa mdomo wangu, maana sauti ya mtu inamtambulisha, na tangu Tanzania ipate Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nimekuwa mkali zaidi kuhusu nani anasikia nini. Nasoma pamoja na kimya chake. Wapo wanaotaka nifupishe. Nawaomba wavumilie ukurasa mmoja.

Sasa hivi tuna mahojiano ya madereva wa bodaboda kuhusu bima. Kompyuta inanukuu haraka, kisha vijana wangu wawili wanasikiliza upya huku wanasahihisha. Juzi walikwaruzana juu ya dereva aliyesema bima ni mambo ya bosi. Mmoja aliandika "haamini bima", mwingine "hajui bima." Niliwauliza dereva alikuwa ameulizwa nini kabla ya hapo. Wakarudi kwenye sauti: alikuwa anaeleza hesabu anayompelekea mwenye pikipiki kila jioni. Bima anayoijua yeye ni ya pikipiki, na pikipiki si yake. Mguu wake ukivunjika hakuna aliyemwambia kwamba nao unaweza kukatiwa bima. Misimbo yote miwili imefutwa. Kesho wanakwenda kituoni kuongea na mwenye pikipiki.