Ringi mpya, njia ile ile ya Bagamoyo

Msomaji, kuna aibu, halafu kuna aibu ya kufika kwa babu yako juu ya Fuso la matofali, baiskeli umeikumbatia kama mgonjwa! Hiyo ilinipata mimi, Jumapili moja ya mwezi wa Juni. Leo naisimulia kifua mbele kwa sababu deni nimeshalilipa.

Kisa chenyewe kiko hivi. Nina baiskeli ya mbio, ile yenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo. Ni ya mtumba, lakini fremu yake bomba, na masela wa Mwenge wakiiona wanatoa macho. Nikajisifu kwa Babu kwenye simu kwamba nitamfuata Bagamoyo kwa pedeli, safari ya kilometa kama 60 hivi. Babu ana miaka themanini na ushei. Ujana wake alikuwa fundi baiskeli, na njia hiyo yeye aliipiga kwa Phoenix isiyo na gia, nyuma kafunga gunia la samaki wakavu.

"Njoo mjukuu wangu," akanijibu. "Macho yananiishia. Nataka nikuone unaingia, hata kama ni kivuli."

Niliondoka alfajiri. Lugalo, Mbezi, Tegeta, mambo poa kabisa. Nikapita Boko, nikapita Bunju, nikavuka daraja la Mto Mpiji na kuingia Mkoa wa Pwani. Barabara ikaanza kupanda, nami nikasimama juu ya pedeli na kilo zangu 88. Paa! Spoku ya nyuma imekatika, upande wa gia.

Sasa ringi zangu zilikuwa za kutesea mjini: spoku 20 tu, rangi nyeusi inayong'aa. Spoku zikiwa chache namna hiyo, kila moja ina mzigo mkubwa. Ikikatika moja, zilizobaki zinaivuta ringi upande. Yangu ilipinda ikawa inasugua breki kila mzunguko. Nikasukuma mpaka Mapinga, jua limeshakuwa kali, na sikupata fundi mwenye spoku ya saizi ile. Ndipo likaja Fuso.

Babu alikuwa amekaa barazani tangu saa tatu asubuhi. Aliposikia lori limesimama akauliza, "Nani kaleta matofali?" Nilipomwamkia aliitikia, akakaa kimya kidogo, akasema, "Pole, mjukuu wangu." Bwana we, afadhali angenitukana!

Niliporudi Dar nikaapa kununua ringi mpya. Mfukoni nilikuwa na laki nne, na humo ndani kuna kodi ya chumba, tusidanganyane. Roho ilikuwa inataka zile za kaboni zenye ukuta mrefu, lakini hizo kwa laki nne utaishia kuzipapasa tu. Nikaangukia kwa fundi mmoja wa Ilala. Akaiangalia ringi yangu, kisha akaniangalia mimi kuanzia juu mpaka chini.

"Kijana, wewe unataka kufika Bagamoyo au unataka kupigwa picha?"

Nikachemsha. Nikasema kufika.

Basi akanisukia mwenyewe. Habu za mtumba alizozifungua, akaosha na kutia gololi mpya na grisi. Ringi za aluminiamu. Spoku 28 mbele na 32 nyuma, kwa sababu nyuma ndiko uzito wa mtu unakokaa na ndiko mnyororo unakovuta. Kabla ya hapo alipima nafasi ya fremu kwa nyuma, milimita 130, akahakikisha gia zangu za zamani zitakaa kwenye habu mpya. Pimeni kwanza jamani, msije mkanunua ringi nzuri ikagoma kuingia!

Halafu tairi. Mimi nilikuwa natembelea tairi nyembamba za milimita 23, nimezijaza upepo mpaka 110 kwenye geji, nikidhani ugumu ndiyo kasi. Fundi akapima breki, akaona tairi za 28 zinapita bila kugusa. Akanivalisha hizo, akaniambia upepo uishie 80. Gharama yote laki tatu na elfu ishirini. Uzito uliongezeka kama chupa ndogo ya maji. Akanipa na onyo: spoku mpya zinajiweka sawa kwa kutembea, kwa hiyo baada ya safari ya kwanza lazima zikaguliwe.

Jumamosi moja ya Agosti nikaingia barabarani tena. Msomaji, njia ni ile ile, lakini nilikuwa kama nimebadilishiwa! Viraka vya lami vilivyokuwa vinanigonga mpaka menoni sasa vinapita chini kwa chini. Pale Mpiji moyo ulinidunda. Safari hii nikashusha gia, nikakaa kitako, nikapanda polepole nikisikiliza nyuma. Kimya. Kerege nikapumzika kwa chai na chapati mbili. Zinga, Kiromo, minazi, kisha upepo wa bahari unakupiga usoni na unajua umefika.

Wengi husema jina la Bagamoyo limetoka kwenye kubwaga moyo. Wapagazi wa misafara ya pembe za ndovu walikuwa wanatua mizigo hapa baada ya miezi ya kutembea kutoka bara. Walikuwepo na wengine walioletwa kwa minyororo ili wauzwe ng'ambo, na hao hawakuwa na pa kupumzikia. Mtu ukiingia mji huu kwa jasho lako mwenyewe, tena kwa hiari yako, una la kushukuru.

Babu alikuwa pale pale barazani. "Shikamoo, Babu!"

"Marahaba. Leo sijasikia lori."

Akaomba nimsogezee baiskeli. Hakuitazama, aliipapasa gurudumu la nyuma, kisha akaanza kuzigonga spoku kwa ukucha, moja moja, kama mtu anayejaribu nyuzi za gitaa. Za upande wa gia zilitoa sauti nyembamba, za upande wa pili nzito kidogo. Akafika moja, akarudia mara mbili.

"Hii imelegea. Nenda ndani, chini ya kitanda kuna kopo la maziwa, niletee spana yangu."

Akaikaza robo mzunguko, akaigonga tena, akatabasamu. "Aliyekusukia hii ni fundi. Sasa nimekuona."

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutakutana hapa hapa. Na wewe baba mwenye nyumba, kama unasoma ukurasa huu, naomba univumilie mpaka tarehe 15!