Nyanya asiye na gari alivyotuchagulia mji Minnesota

Mkenya anapotaka kuhamia Kitengela au Rongai, maswali yake ya kwanza huwa mawili: je, maji yapo, na matatu hupitia wapi? Hata awe na gari lake mwenyewe atauliza, kwa sababu nyumbani kuna mama, kuna yaya na kuna watoto wa shule, na hao wote hawakosi siku ya kusimama kando ya barabara wakingoja gari. Ajabu ni kwamba Mkenya huyo huyo akishafika Marekani, swali la matatu humtoka kichwani. Huuliza nyumba ina vyumba vingapi, gereji inaingiza magari mangapi na shule ya karibu ina sifa gani, kisha huyo, anatia sahihi.

Mpwa wangu alifanya vivyo hivyo alipokuwa akiishi Texas, katika kiunga kimoja cha jiji la Dallas. Alikodi nyumba ya vyumba vinne, nyasi mbele, nyasi nyuma. Mama yake, ambaye ni dada yangu mkubwa, alikwenda huko kumsaidia kulea watoto. Dada hajui kuendesha gari, na kwa umri wake hana haja ya kujifunza. Basi halikuwepo. Duka lilikuwa ng'ambo ya barabara yenye njia sita. Kwa miaka miwili alimjua binadamu mmoja tu nje ya nyumba ile, naye ni mleta barua, ambaye walipungiana mikono kila siku bila kujuana majina.

Mwaka 2023 mke wa mpwa wangu, ambaye ni muuguzi, alipata kazi katika jimbo la Minnesota, huko kaskazini linakopakana na Kanada. Nilikuwa nimewatembelea Oktoba hiyo, nami nikaalikwa katika msafara wa kwenda kutafuta mahali pa kuishi. Kabla hatujatoka, dada alitoa neno moja tu: "Nikifungiwa tena kama kuku wa gredi, nikatieni tikiti nirudi Nyamira."

Msomaji, usidhani huo ulikuwa mzaha. Mpwa wangu ni dereva wa lori na hulala nje siku kadhaa kwa wiki. Mkewe angefanya zamu za usiku, saa 12 mfululizo. Wana binti wa miaka 17 na kijana wa miaka 9. Dada akiondoka, kijana huyo angebaki na nani? Malipo ya kulelewa watoto Marekani ni ya kumtoa mtu machozi. Kwa hivyo safari ile ilikuwa ya kutafuta nyumba, lakini pia ilikuwa ya kumzuia nyanya asirudi nyumbani.

Kutoka Dallas hadi Minneapolis ni barabara moja, Interstate 35, yapata kilomita 1,500 kuelekea kaskazini. Barabara hiyo ina kioja chake: karibu na Dallas hugawanyika mara mbili, moja ya mashariki na moja ya magharibi, zikakutana tena, na ikifika Minnesota hugawanyika vivyo hivyo ili moja ipite Minneapolis na nyingine St. Paul. Majiji hayo mawili yamekaa karibu sana hata huitwa Majiji Pacha, na mto Mississippi unapita humo ukiwa bado mchanga. Yamezungukwa na mkanda wa barabara kuu, nambari 494 na 694. Miji iliyo ndani ya mkanda huo aghalabu ni ya zamani, yenye nyumba ndogo zilizojengwa baada ya Vita Vikuu vya Pili. Iliyo nje ni mipya, nyumba ni kubwa, na kila kitu kiko mbali.

Tulianza na Maple Grove, kaskazini-magharibi, nje ya mkanda. Mke wa mpwa alikuwa ameupenda mji huu hata kabla ya kuuona. Ni mji safi, una maziwa, na eneo lake kubwa la maduka limejengwa palipokuwa na machimbo ya kokoto. Ajenti alitufungulia nyumba ambayo hata mimi niliitamani. Ndipo dada akatoa mtihani wake. "Nionyesheni duka liko upande gani, kisha mtangulie na gari. Ninakwenda kununua maziwa kwa miguu."

Tulimngojea dakika 50. Alipofika alikuwa ameshika kitambaa cha kichwa mkononi, anahema. Njia ya waendao kwa miguu, alisema, ilikuwa nzuri sana mpaka ilipokwisha ghafla katikati ya nyasi, akalazimika kutembea kando ya magari. Na hiyo ilikuwa Oktoba! Januari, katrekta ya kufagia barabara huisukumia theluji pembeni, na mwenye miguu hubaki hana pa kukanyaga ila lami yenyewe. Huko usiku wa Januari kushuka nyuzi 13 chini ya sufuri si habari ya kuandikwa gazetini. Mabasi yapo Maple Grove, lakini mengi yamepangiwa wafanyakazi wa ofisini: asubuhi yakipeleka watu Minneapolis, jioni yakiwarudisha. Nyanya anayetaka kutoka saa nne asubuhi hakufikiriwa.

Siku ya pili tulikwenda Edina, kusini-magharibi. Bei za nyumba zilitufukuza mapema, lakini nilifurahi kuuona mji huo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni Southdale, jengo la maduka lililofunguliwa mwaka 1956, la kwanza Marekani kuwa na maduka yote ndani ya paa moja lenye joto lake. Mchoraji wake, Victor Gruen, alikuwa mzaliwa wa Vienna, na alitaka watu wa viungani wapate mahali pa kutembea na kukutana bila kuogopa baridi. Hadi leo katika majimbo ya baridi utawakuta wazee ndani ya majengo kama hayo asubuhi wakizunguka kwa ajili ya mazoezi, hawanunui kitu. Dada alilisifu sana. Alipouliza atafikaje hapo bila gari, tulitazamana.

Sababu ya pili ni ya uchungu. Nyumba nyingi za Edina na za Minneapolis zilizouzwa nusu ya kwanza ya karne iliyopita zilikuwa na kifungu katika hati zake kilichokataza zisiuzwe wala kukodishwa kwa asiye Mzungu. Tangu 2016, mradi wa Chuo Kikuu cha Minnesota uitwao Mapping Prejudice umekuwa ukizichambua hati hizo na kuziweka kwenye ramani. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka 1948 kwamba vifungu hivyo haviwezi kutekelezwa mahakamani, Minnesota ikakataza vipya mwaka 1953, na sheria ya taifa ya 1968 ikaufunga mlango. Lakini nani alipewa nafasi ya kununua mapema na nani alinyimwa, hilo bado linaonekana ukipita mtaa hadi mtaa. Sisi wa Nairobi hatuhitaji kufafanuliwa. Serikali ya kikoloni ilituwekea Wazungu vilimani, Wahindi Parklands na Ngara, nasi Eastlands, na mpaka sasa ukitaja mtaa unakoishi mtu hukukadiria mfuko.

Eagan, upande wa kusini, tulikaa saa mbili tu. Ni mji mzuri, wenye miti, lakini ndege zinazotoka na kuingia katika uwanja wa Minneapolis na St. Paul hupita juu yake, na mtu wa zamu ya usiku hulala mchana.

Sasa nije kwenye miji miwili ambayo Wakenya wa Minnesota huitaja kwa pamoja: Brooklyn Park na Brooklyn Center. Iko kaskazini mwa Minneapolis, na zamani Brooklyn Park ilikuwa mashamba ya viazi. Waliberia ni wengi sana hapo, na Wakenya pia, hasa wetu kutoka Kisii na Nyamira. Mwaka 2024, mwaka mmoja baada ya safari yetu, mzaliwa wa Kenya, Huldah Momanyi-Hiltsley, alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo kutoka upande huo.

Dada alishushwa Brooklyn Center mbele ya nyumba zilizoungana ukuta kwa ukuta, akaambiwa atafute maziwa. Alirudi baada ya nusu saa akiwa na maziwa, fungu la majani yanayofanana na sukuma wiki, na namba ya simu ya mama mmoja Mliberia aliyemwonyesha njia. Hapo nilijua safari imekwisha, ingawa wenzangu walikuwa hawajajua.

Mke wa mpwa hakukubali upesi, na hoja zake hazikuwa za kubezwa. Aprili 2021 afisa wa polisi alimpiga risasi na kumuua Daunte Wright, kijana mweusi wa miaka 20, aliyesimamishwa akiendesha gari katika mji huo huo wa Brooklyn Center. Afisa huyo alipatikana na hatia Desemba mwaka huo. Mama mwenye kijana wa kiume anayekua hawezi kulisikia jambo kama hilo akalipita tu. Tena maduka yamepungua: Brookdale, jengo kubwa la maduka lililofunguliwa 1962, lilishabomolewa, na Walmart iliyojengwa hapo baadaye ilifungwa Aprili 2023.

"Mama, mimi natafuta mahali mwanangu atakapokuwa salama," alimwambia dada garini.

"Nami ndiye ninayeshinda naye, mwanangu," dada akajibu. "Akiugua mchana na wewe umelala, nitamfikisha wapi kwa miguu hii?"

Mpwa wangu, kama dereva yeyote mwenye busara, alitazama barabara.

Kilichoipindua mizani ni mabasi na shule. Katika Brooklyn Center kuna kituo kikuu cha mabasi. Tangu 2019 basi la C Line hutoka hapo kwenda katikati ya Minneapolis, na tangu Desemba 2022 D Line huenda moja kwa moja, kupitia jijini, hadi Mall of America iliyoko Bloomington, upande wa pili kabisa. Mchana hulingoji zaidi ya robo saa. Maktaba ya Brookdale haiko mbali na kituo hicho.

Kuhusu shule, sikiliza vizuri wewe unayepanga kumfuata ndugu yako huko, maana hapa ndipo wengi huangukia. Jina la mji halikuambii mtoto atasoma wapi! Shule za Marekani huendeshwa na wilaya za elimu zenye mipaka na ushuru wake, na mipaka hiyo haifuati ya mji. Brooklyn Center, mji mdogo tu, umekatwa vipande vinne: kuna nyumba za wilaya ya Brooklyn Center yenyewe, nyingine za Osseo, nyingine za Anoka-Hennepin na nyingine za Robbinsdale. Majirani wanaweza kuwa wanaazimana chumvi, na asubuhi watoto wao wakapanda mabasi ya manjano yanayokwenda pande tofauti. Kwa hivyo usiulize "mji gani?" Mwambie ajenti akupe anwani kamili, uipeleke kwenye ofisi ya wilaya ya elimu, upate jibu kutoka kwao. Minnesota ina sheria ya tangu 1988 inayomruhusu mtoto kusoma katika wilaya nyingine ikiwa nafasi ipo, lakini mara nyingi ni juu ya mzazi kumfikisha hadi mpaka wa wilaya hiyo. Kwa mama wa zamu ya usiku na baba wa lori, hiyo ni ruhusa ya kwenye karatasi.

Binti naye alipata lake. Jimbo hilo, kwa sheria ya 1985, humwezesha mwanafunzi wa miaka miwili ya mwisho ya sekondari kusoma masomo ya chuo bila karo, na North Hennepin Community College iko Brooklyn Park, karibu na maktaba kubwa iliyofunguliwa 2016. Baadaye, kuanzia muhula wa vuli wa 2024, jimbo lilianza kulipia karo ya vyuo vya umma kwa familia zenye mapato ya chini ya dola 80,000 kwa mwaka. Mpwa na mkewe wanapita kiwango hicho, na tena Minnesota hutoza ushuru wa mapato, ambao Texas haitozi. Waliupiga hesabu usiku kucha. Aliye na mshahara mmoja nyumbani huenda akapata jawabu tofauti na lao.

Walikodi moja ya zile nyumba zilizoungana, vyumba vitatu, kimoja pungufu ya Texas. Ada ya mwezi inahusu pia kuondolewa theluji mlangoni, jambo ambalo mimi niliona dogo mpaka nilipoelezwa uzito wa koleo lililojaa theluji mbichi. Kijana analala chumba kimoja na nyanya yake, na simsikii akilalamika.

Januari dada alinipigia simu, huku kwetu ikiwa usiku. Alikuwa amevaa viatu vya theluji vya mjukuu wake, akapanda D Line peke yake mpaka mwisho wa njia, akazunguka ndani ya maduka ya Bloomington pamoja na yule mama Mliberia, kisha akarudi kabla kijana hajatoka shule.

"Dereva aliniuliza ninashukia wapi," alisema. "Nikamwambia aendeshe tu, tukifika nitamjulisha."