Liwa, Mafuta ya Nazi na Kikopo cha Harusi

Wasomaji wa gazeti letu wamezoea kusoma habari za mpira, za mashindano na za safari za wanafunzi. Mimi nataka kueleza habari ya ngozi, na wavulana wasiuruke ukurasa huu, kwa kuwa nao wana dada na mama.

Kwetu ni Mchinga, pwani ya Lindi, na Bibi yangu ni somo. Kazi yake ni kuwatunza na kuwapamba maharusi. Likizo zote hukaa kwake, na kazi yangu mimi ni kukuna nazi. Watu hudhani mafuta ya nazi ni kazi rahisi. Nazi hukunwa kwa mbuzi, tui likakamuliwa na kuchujwa, halafu likaachwa usiku kucha mpaka zito lipande juu. Asubuhi lile zito huenguliwa, likachemshwa kwa moto mdogo hata maji yaishe na mafuta yajitenge na mashapo. Ukizidisha moto mafuta hunuka moshi, na Bibi hasemi nawe mpaka Ijumaa. Mwezi wa Julai, kusi ikivuma, huyakuta asubuhi yameganda meupe ndani ya chupa kama samli. Hayakuharibika, huganda tu joto likishuka chini ya digrii 24 hivi. Mwanafunzi wa fizikia aweza kuyatumia badala ya kipimajoto.

Liwa nayo ni kipande cha mti unaonukia. Husuguliwa juu ya jiwe lenye maji kidogo mpaka upatikane ujiuji, ukapakwa usoni na mwilini. Akina mama wanaolima mwani hutoka pwani maji yanapojaa, ngozi zimekauka kwa chumvi. Wakisha kuoga hujipaka mafuta, na wenye vipele vya joto hupaka liwa. Lakini tusidanganyane: mafuta ya nazi hayazuii jua vya kutosha. Kofia pana ya ukili hushinda chupa nzima.

Basi mwaka jana, mwezi wa Desemba, aliletwa kwa Bibi binti mmoja wa jirani, zimebaki wiki mbili aolewe. Uso wake ulikuwa mweupe kama mkate usioiva, lakini vifundo vya vidole vilikuwa vyeusi vilevile, na shingoni ngozi imechubuka. Bibi alimtazama kwa muda, kisha akamwambia mama yake, "Hapa sipaki liwa. Ngozi hii imevuliwa nguo."

Mama yule akaja juu. "Bi mkubwa, watu wamekwisha alikwa! Unataka tuaibike?"

Bibi hakumjibu. Alinipa kikopo alichokuja nacho binti, akaniambia nisome, maana mimi ndiye mwenye shule. Maandishi yalikuwa madogo, ya Kiingereza. Nilikuta haidrokwinoni, na mbele yake kalomeli, ambayo tulifundishwa katika somo la kemia kuwa ni zebaki iliyoungana na klorini. Zebaki huizuia ngozi kutengeneza rangi yake, ndiyo maana mtu huwa mweupe. Lakini hupenya ndani, ikadhuru figo na mishipa ya fahamu, na mwenye mimba humfikishia mtoto tumboni. Haidrokwinoni nayo ikitumiwa siku nyingi yaweza kuacha mabaka ya rangi ya samawati iliyoiva, magumu kuondoka. Vipodozi vya namna hii vimepigwa marufuku nchini, na tangu mwaka 2019 ukaguzi wa vipodozi umo mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS. Uko tena Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ulioitwa kwa jina la mji wa Japani ambako watu walidhurika kwa kula samaki wenye zebaki. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Hata hivyo kikopo kilifika Mchinga.

Nilipokwisha eleza, binti akasema kwa sauti ndogo, "Niliambiwa katika picha nitaonekana mweusi kuliko bwana harusi."

"Mwanangu," Bibi akamwambia, "huyo bwana harusi alikuona ukitoka mwanini, matope mpaka magotini, ndipo akaleta posa."

Kesho yake alipelekwa zahanati. Muuguzi akamwambia akiache kikopo siku hiyohiyo, akamwandikia barua aende hospitali ya mkoa, Lindi, akapimwe figo. Kwa bahati zilikuwa salama. Mama yake alinuna siku tatu. Harusi haikuahirishwa, kwani ndoa haifungwi kwa hina; hata hivyo Bibi alimpaka hina viganjani, palipokuwa pazima. Walileta piko ili maua yawe meusi, akaikataa. Hina safi, alisema, haijawa nyeusi tangu iumbwe, na piko aliiona ikiwatoa watu malengelenge.

Mwezi uliopita nilimkuta yule bibi harusi kivulini, anafunga mbegu za mwani kambani, kofia ya ukili kichwani. Mashavuni bado ana mabaka, lakini shingo imepona. Aliniomba chupa ya mafuta, akalipa nusu, na nusu ya pili namdai mpaka leo.