Kisomo na Kipimo

Sisi wa kamati ya msikiti hapa Kunduchi tunaiandika habari hii kwa idhini ya mwenyewe, nayo kwa sehemu ni kukiri kosa letu.

Kijana wetu mmoja, mvuvi wa miaka 34, alianguka akiwa amebeba jeneza kuelekea makaburini. Alizinduka punde, akatabasamu. Miezi miwili baadaye akaanguka tena pwani, wakivuta mtumbwi. Zahanati moja ilimpima umeme wa moyo akiwa amelala, ikamwambia ni mzima. Nasi tukahukumu upesi: ni jini wa baharini. Tukamsomea wiki tatu mfululizo, na kwa kinywa chetu tukamwambia asihangaike na hospitali.

Mama yake hakuridhika. "Ustadhi," alituuliza, "mbona jini huyo humwacha akikaa, humkamata akifanya kazi nzito tu?" Hatukuwa na jibu.

Akampeleka Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Muhimbili. Moyo wenyewe hulishwa na mishipa miwili mikuu, iitwayo ya koroneri, ichipukayo kwenye shina la aota, mmoja kulia na mmoja kushoto. Picha ya siti skani ilionesha kuwa wa kushoto wake ulichipuka upande wa kulia, ukapita katikati ya aota na mshipa mkuu uendao mapafuni. Katika kazi nzito ulibanwa, moyo ukakosa damu. Akipumzika, kipimo cha umeme hakikuona kitu. Ndivyo alivyozaliwa. Kasoro hizi ni adimu, na huweza kujificha mpaka utu uzima: Pete Maravich, mcheza kikapu mashuhuri wa Marekani aliyezaliwa bila mshipa huo wa kushoto, alifariki mchezoni mwaka 1988, akiwa na miaka 40.

Kijana wetu alifunguliwa kifua, na mdomo wa mshipa ule ukapanuliwa ndani ya aota ili usibanwe tena. Alhamdulillah, leo huswali nasi safu ya mbele.

Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha kutafuta tiba. Kisomo hakizuii kipimo. Basi ndugu zetu, anayezimia au kubanwa kifua akiwa katika kazi au michezo, msomeeni, lakini msomeeni njiani kuelekea hospitali. Tulimwomba mama yule radhi, naye akatusamehe. Tunamwomba Mwenyezi Mungu naye atusamehe.