Iondolewe na Nani, Ilipwe na Nani?

Mwanafunzi yeyote aliyepita shule ya msingi nchini Uganda anakumbuka zoezi hili. Mwalimu wa Kiingereza anaandika ubaoni "The cook must wash the plates", nasi tunaigeuza sentensi iwe "The plates must be washed by the cook". Kanuni yake ni fupi. Kitenzi kisaidizi cha uwezekano au ulazima, kama vile can, may, must au should, hakibadiliki. Kinafuatwa na be, kisha kitenzi kikuu katika umbo lake la tatu. Sahani zinapanda mbele, mpishi anashuka nyuma. Tulifundishwa pia kwamba mpishi anaweza kuachwa kabisa: "The plates must be washed." Sentensi inabaki sahihi na alama zinapatikana zote.

Katika insha hii nataka kueleza jinsi somo la Kiswahili chuoni lilivyonifanya nimtafute tena yule mpishi. Sisi wanafunzi wa Uganda, Rwanda na Burundi mara nyingi tunakifikia Kiswahili sanifu tukiwa tumekwisha kusoma sarufi ya lugha nyingine darasani, na tunapotafsiri, muundo wa lugha ile unatufuata. Muundo huu wa must be na may be ni mmoja wa ile inayotufuata sana, na nimeona kwamba unaweza kumgharimu mtu.

Kiswahili kina kauli ya kutendwa inayojulikana kwa kiambishi -w-: osha huwa oshwa, lipa huwa lipwa, chukua huwa chukuliwa. Kwa hiyo sentensi ya sahani inatafsirika bila shida: "Sahani lazima zioshwe", au "Sahani zinapaswa kuoshwa." Hakuna kosa la sarufi hapo. Lakini msikilize mtu anayezungumza Kiswahili nyumbani kwake. Mara nyingi atasema, "Mpishi anatakiwa aoshe sahani." Tazama kiambishi -w- kimekwenda wapi. Hakimo tena katika kuosha, kimo katika kutaka. Anayeosha tunamjua, anayetaka ndiye asiyetajwa. Hata kitenzi kupaswa kimejengwa hivyo. Tunaweza kusema "imenipasa kulipa" au "ninapaswa kulipa", na katika umbo la pili ulazima wenyewe umetiwa katika kauli ya kutendwa.

Hapa ndipo lugha hizi mbili zinapotofautiana. Tangazo la shule likiandikwa "Fees must be paid", mlipaji amefichwa. Mwalimu akisema kwa Kiswahili "Wazazi wanatakiwa kulipa ada", mlipaji yuko wazi na anayedai ndiye aliyefichwa. Tatizo linazaliwa tunapotafsiri neno kwa neno na kuandika "Ada inatakiwa kulipwa." Sentensi hii ina -w- mara mbili, na wote wawili wametoweka, anayedai na anayedaiwa. Kimebaki kitu kimoja tu, ada, ambayo haiwezi kujidai wala kujilipa.

Jambo la pili ni kauli ya kutendeka. Kiingereza kinasema "The door cannot be opened" na kunyamaza. Kiswahili kinakutaka uamue kwanza kasoro iko wapi. Ukisema "Mlango haufunguki", tatizo ni la mlango wenyewe. Labda kitasa kimevunjika. Ukisema "Mlango hauruhusiwi kufunguliwa", kuna mtu aliyekataza. Wa kwanza utamwita fundi, wa pili utamtafuta mkubwa wa ofisi. Vivyo hivyo, aliyelazimika kuhama amesukumwa na hali, pengine mafuriko au ukame, lakini aliyelazimishwa kuhama amesukumwa na mtu. Tofauti ni silabi chache tu, ila ukisimama mbele ya wazee wa kijiji, silabi hizo ndizo zinazoamua kesi. Sisi tunaozungumza lugha za Kibantu nyumbani hatupaswi kushangaa. Hata Kiganda kina neno "kisomeka", ambalo Mswahili atalielewa karibu bila kufasiriwa.

Nisingeyapa mambo haya uzito mkubwa kama isingekuwa barua iliyofika kijijini kwetu mwaka jana, kilomita chache kutoka mpaka wa Kongo. Ilihusu upanuzi wa barabara. Kando ya barabara hiyo Babu yangu ana kibanda chenye mashine ya kusaga mahindi, na unga unaosagwa humo ndio unaonilipia sehemu kubwa ya ada. Barua iliandikwa kwa Kiingereza, na maneno yenyewe hasa yalikuwa katika sentensi mbili: "Structures along the road must be removed by the end of June. Compensation may be paid."

Kikao kiliitwa nyumbani kwa mwenyekiti wa kijiji. Walikuwapo Wakonzo, Watoro na wafanyabiashara kutoka upande wa pili wa mpaka, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Babu alikijulia jeshini, ambako askari wa Uganda wa makabila mbalimbali wamekitumia tangu enzi za ukoloni. Niliombwa nisome barua kwa Kiswahili. Nilisoma: "Majengo yaliyo kando ya barabara lazima yaondolewe kabla ya mwisho wa Juni."

"Yaondolewe na nani?" Babu akauliza.

Nikamweleza kwamba barua haisemi. Neno by lilikuwapo, lile lile linalomleta mpishi katika zoezi la shuleni, lakini safari hii lilifuatwa na tarehe, si na mtu.

"Mjukuu wangu," akasema, "jeshini amri ina anayeitoa na anayeitekeleza. Kama hujui nani ameamriwa, hiyo bado si amri."

Sentensi ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Jirani mmoja alikuwa amekwisha kuwaambia watu kwamba fidia italipwa, na baadhi yao walikuwa wameanza kukopa kwa kuitegemea. Lakini may si will. May inaweza kuwa na maana mbili zilizo mbali: huenda jambo likatokea, au jambo limeruhusiwa. Kwa Kiswahili sikuweza kuziacha zikae pamoja. Ilinibidi nitoe zote mbili. "Huenda fidia ikalipwa, huenda isilipwe," nilisema, "au pengine wana maana kwamba inaruhusiwa kulipwa. Barua haisemi ni ipi, wala haisemi italipwa na nani." Watu walinyamaza. Mama mmoja aliyekuwa na duka la vitenge akauliza kama anaweza kurudisha mkopo ambao hajautumia.

Kuna watakaosema kwamba lawama ni ya kauli ya kutendwa, na kwamba tuiepuke kabisa. Sikubaliani nao. Ibara ya 26 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, inayolinda mali ya mtu, imeandikwa kwa muundo huo huo wa shall be, tena bila kumtaja mtendaji. Maana yake ni kwamba mtu asinyang'anywe mali yake ila kwa masharti yaliyowekwa, na mojawapo ni kulipwa haraka fidia ya haki na ya kutosha kabla mali hiyo haijatwaliwa. Asinyang'anywe na nani? Na yeyote: waziri, tajiri au jirani. Kutotajwa kwa mtendaji hapo kunamkinga mwananchi, kwa sababu mlango umefungwa kwa watu wote. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 24, nayo inatumia "kunyang'anywa" katika kauli ya kutendwa, na ulazima wake imeuweka katika neno moja zito, "marufuku".

Kwa hiyo swali si kama mtendaji ametajwa au hakutajwa. Swali ni nani anafaidika asipotajwa. Katika katiba, kimya kinamfaidi mnyonge. Katika barua yetu, kimya kilimfaidi aliyeiandika. Ulazima uliwekwa upande wetu kwa must, uwezekano ukawekwa upande wake kwa may, na majina yakaachwa pande zote mbili.

Kwa wenzangu tunaojifunza kutafsiri, ninapendekeza jambo moja. Tukikutana na must be, can be au may be katika hati yoyote, tusikimbilie "inapaswa" na "inaweza" kabla ya kujiuliza "na nani?" Jibu likiwamo katika hati, tuliweke wazi, maana Kiswahili kina nafasi yake. Lisipokuwamo, tusilitunge, tumwambie msomaji kwamba halimo. Walimu wetu nao, wanapofundisha kauli ya kutendwa, wangetusaidia kama wangetupa barua na matangazo halisi badala ya sahani na mpishi peke yao.

Siku ile kikao kiliniagiza niandike barua ya majibu. Niliiandika kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, nikaweka maswali mawili tu: majengo yaondolewe na nani, na fidia ilipwe na nani, lini. Babu alitia sahihi ya kwanza, wengine wakafuata, asiyejua kuandika akaweka dole gumba. Swali la kwanza limekwisha kujibiwa: kila mwenye jengo abomoe mwenyewe. La pili halijajibiwa. Mwisho wa Juni umepita, na mashine ya Babu bado inasaga.