Gauni la Neti Sokoni Mpanda

Ukitoka Tabora kwa gari la moshi kwenda Mpanda, pale Kaliua utaiacha njia ya Kigoma na kushika njia ya kusini. Toka hapo ni kilometa 210 hivi za msitu, miyombo kulia na miyombo kushoto, hata macho yachoke. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini reli ikabaki na mji ukabaki, na tangu mwaka 2012 Mpanda ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Katavi.

Wageni wengi hushuka hapo wakiwa na hamu ya kuwaona viboko wa mto Katuma. Mimi sikwenda kwa viboko. Nilifika majuma mawili kabla ya Komunyo ya kwanza, nikaenda sokoni kutazama nguo.

Nenda nawe siku moja, utaona. Mbele ya vibanda vya mafundi cherehani yametundikwa magauni meupe ya wasichana, sketi zimefura kama mwavuli. Ukiinua pindo utakuta ndani matabaka mawili matatu ya kitambaa chenye vitundu, nacho ndicho kinachoifanya sketi isimame. Mafundi hukiita neti. Upepo ukipita, magauni hucheza yenyewe.

Kwa fundi mmoja, mama wa makamo, nilikuta gauni mezani lenye tundu pana kama kiganja, karibu na pindo. Kingo za tundu zilikuwa ngumu na nyeusi.

"Hili limeliwa na panya, mama?" nikauliza.

"Panya gani, baba! Mshumaa huo. Mkesha wa Pasaka. Aliyelivaa aliungua mguu, ila amepona. Sasa ni zamu ya mdogo wake, nimeambiwa nitie kiraka."

Nilipolishika tundu lile nilikumbuka habari niliyopata kuisoma, ya msichana mmoja wa Paris. Lakini ili uielewe habari yake yapasa kwanza nikueleze gauni hili limetoka wapi, maana safari yake ni ndefu kuliko ile ya gari la moshi.

Iko ngoma ya Ulaya iitwayo bale, ambayo wachezaji husimulia hadithi kwa mwili bila kusema neno. Zamani ilichezwa katika nyumba za wafalme. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa mwenyewe aliicheza mwaka 1653, amevikwa mavazi ya jua. Wanawake walipoanza kucheza mbele ya watu katika Opera ya Paris, mwaka 1681, walivaa magauni mazito yaliyofika chini. Watu wakaona uso na mikono, miguu hawakuiona.

Wewe mwenyewe wajua jambo hili. Akina mama wa kwetu wakitaka kucheza hufunga khanga kiunoni, kwa kuwa kazi iko kiunoni. Vijana wa Kisukuma, ambao wamehamia Katavi kwa wingi na ng'ombe wao, hufunga njuga miguuni, kwa kuwa mguu usiosikika ni kama haukucheza. Basi na kule Paris, miaka ya 1730, mchezaji Marie Camargo alikuwa hodari wa kuruka, akapandisha pindo lake kidogo tu juu ya kifundo cha mguu ili kazi yake ionekane. Kidogo hicho kilileta maneno mengi. Wengine walisema ni aibu, na wengine, nadhani walewale, wakarudi kesho yake kutazama.

Mwaka 1832, katika mchezo uitwao La Sylphide, Marie Taglioni alitokea kwa sketi nyeupe yenye umbo la kengele, iliyofika katikati ya muundi, akacheza juu ya ncha za vidole. Alikuwa ameigiza kiumbe wa hewani, na sketi ile ndiyo iliyowafanya watu wasadiki. Ilikuwa ya kitambaa chepesi cha pamba cha jamii ya melimeli, ambayo asili yake ni Bara Hindi, na wazee wa pwani waliijua kwa vilemba. Zama hizo huku Katavi watu walivaa magome ya miti yaliyopondwa hata yakalainika, na upande wa bonde la Rukwa pamba ilisokotwa na kufumwa papo hapo nyumbani.

Kutoka kwa Taglioni sketi ilizidi kupanda. Miaka ya 1880 walitokea Waitalia wenye miguu ya ajabu, kama Virginia Zucchi, nao walitaka sketi fupi zaidi. Mwishowe ikawa fupi kabisa, imesimama kuzunguka kiuno kama sahani, matabaka kumi na zaidi ya neti. Huitwa tutu. Yasemekana ni neno la utani la watoto wa Kifaransa, la kutaja mahali pa kukalia. Sitaeleza zaidi.

Na neti yenyewe? Zamani vitundu vile vilifumwa kwa mkono, kazi ya siku nyingi. Mwaka 1809 Mwingereza John Heathcoat alipata hati ya mashine yake ya kuvifuma. Mwaka 1816 watu wenye hasira wakazivunja mashine zake, naye akahamia mji mwingine na kuanza upya. Kwa hiyo chandarua juu ya kitanda chako, shela ya bibi arusi na tutu ya Paris ni ndugu.

Sasa turudi kwa msichana yule. Jina lake Emma Livry, mwanafunzi wa Taglioni. Siku zile jukwaa liliangazwa kwa mioto ya gesi, na wachezaji kadhaa walikuwa wamekwisha kufa kwa kuungua, London na Philadelphia. Serikali ya Ufaransa iliamuru mavazi yachovywe katika dawa ya kuzuia moto. Lakini dawa ile iliikausha sketi ikawa ngumu, tena ikafifisha weupe wake. Emma akakataa. Mwezi wa Novemba 1862, katika mazoezi, sketi yake iligusa moto. Alikuwa na miaka 20. Aliteseka miezi minane, akafa Julai 1863. Mabaki ya vazi lake yamehifadhiwa Paris hadi leo.

Nilimsimulia fundi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hata hawa hawataki niipunguze. Wanataka ifure."

Neti ya siku hizi kwa kawaida ni ya nailoni au poliesta. Ikishika moto huyeyuka na kunata mwilini. Mtoto wa namna hiyo asikimbie, alazwe chini na kufunikwa kwa blanketi au kitenge kizito, kisha amwagiwe maji baridi dakika 20, wala kilichonata kisibanduliwe, apelekwe zahanati. Katika maandamano ya mishumaa waache nafasi ya hatua mbili, na mshumaa uwe na kikombe.

Fundi yule alipunguza upana wa sketi, akatia ndani bitana ya pamba, na kiraka akakifunika kwa ua. Jioni mtoto aliletwa kujaribu. Hakukiangalia kiraka. Alizunguka mara tatu kati ya meza na cherehani aone kama sketi itainuka, nayo ikainuka.