Marimba ya Watu Watatu

Wako ndugu zetu wasomi wanaosema ya kwamba muziki wa kale wa Mwafrika ni watu wengi kupiga kitu kile kile kwa pamoja, na ya kuwa elimu ya kupanga sauti mbalimbali ililetwa na kinanda cha kanisani. Kama wangeketi siku moja mbele ya marimba ya Waganda iitwayo amadinda, kama nilivyoketi mimi, wangeyaacha maneno hayo.

Amadinda ni vipande 12 vya mti vilivyolazwa juu ya mashina mawili ya migomba. Basi mkulima ye yote mwenye shamba la ndizi ana nusu ya chombo hicho tayari! Wapigaji ni watatu. Wa kwanza, omunazi, huanza wimbo kwa mapigo ya mwendo mmoja usiobadilika. Wa pili, omwawuzi, huketi akimkabili, na kila pigo lake huingia katikati ya mapigo mawili ya mwenziwe. Mmewaona wanawake wawili wakitwanga katika kinu kimoja, mchi huu ukipanda na ule ukishuka? Ndivyo ilivyo, ila hawa kila mmoja ana wimbo wake mbalimbali.

Wa tatu, omukoonezi, ana vipande 2 tu, vile vidogo vya mwisho. Mtu aweza kudhani kazi yake ni nyepesi. La! Yampasa kuzisikiliza sauti 2 za chini kabisa katika mchanganyiko wa wenziwe, na kuzirudia kwa sauti ya juu. Mimi nilipewa fimbo za huyo wa tatu, na mzee aliyetufundisha alinikataza kuitazama mikono ya wenzangu. "Mwanangu," alisema, "macho yatakuchelewesha."

Niliposikiliza, nilisikia wimbo wa haraka mara mbili kuliko mkono wa mtu ye yote aliyekuwapo, na ndani yake nyimbo nyingine ambazo hapana hata mmoja wetu aliyekuwa akizipiga. Gerhard Kubik wa Austria, aliyefundishwa na Evaristo Muyinda, mpigaji wa Kabaka, aliandika habari za muziki huo mwaka 1960.

Lakini jambo hilo hilo lililo zuri ndilo lenye hatari. Mwenye zeze aweza kuuhifadhi wimbo wake peke yake nyumbani. Mwezi wa Mei 1966 jumba la Kabaka huko Mengo lilishambuliwa na majeshi, na wapigaji waliokuwa wakikutana hapo wakatawanyika. Ufalme ulifutwa mwaka 1967, usirudishwe mpaka 1993. Mti huchongwa tena. Je, omunazi aliyepotewa na omwawuzi wake amebaki na nini? Joseph Kyagambiddwa alikuwa amekwisha kuzitia nyingi za nyimbo hizo katika kitabu mwaka 1955, na mimi niliye karani sitakidharau kitabu. Hata hivyo kitabu hakiketi upande wa pili wa marimba.

Nimechonga vipande vyangu hapa nyumbani, na wanangu wawili wamekwisha kushika wimbo mmoja. Mkubwa yuko shule ya bweni. Mdogo hupiga sehemu yake jioni peke yake, na mama yake akimwuliza ni wimbo gani huo, humwambia angoje likizo.